Je, Ndege Ikianguka ni Mapenzi ya Mungu?

Dominika tarehe 24 Novemba 2019 ilikuwa sikukuu ya Kristu Mfalme. Asubuhi hiyo, yapata saa tatu, ndege ndogo ya kampuni Busy Bee iliondoka katika uwanja wa Goma kuelekea Beni. Ilikuwa ya aina ya Dornier 228, yenye injini mbili, iliyoundwa kuchukua abiria 19 hivi kwa safari fupi. Haikufika mbali. Mara baada ya kuruka ilianguka katika mtaa wa Mapendo, karibu sana na uwanja, juu ya nyumba za watu. Wakafa watu zaidi ya 20. Wengine walikuwa ndani ya ndege. Wengine walikuwa nyumbani mwao, wala hawakuwa na safari yoyote siku ile.

Watu wa Beni, Butembo na Lubero walizijua sana ndege za namna hiyo. Katika miaka ile barabara kuu ipitayo Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero ilikuwa na matope wakati wa mvua, tena ilikuwa na hatari kwa sababu ya watu wenye silaha. Basi mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi, hata mtawa, alipanda ndege ndogo si kwa anasa, bali kwa haja. Kwa hiyo msiba wa Mapendo haukuwa msiba wa Goma peke yake. Ulipanda mpaka milimani.

Kila mara linapotokea jambo kama hilo, sauti tatu husikika penye kilio. Sauti ya kwanza yasema: “Ni mapenzi ya Mungu. Tunyamaze.” Sauti ya pili yanong'ona: “Hapa pana mkono wa mtu.” Sauti ya tatu yasema kwa nguvu: “Ni kosa la rubani,” naye rubani amekwisha kufa, na maiti hajibu. Sauti hizi tatu zaonekana kuwa mbalimbali, lakini kazi yao ni moja. Kila moja hufunga mlango, ili mtu asiulize zaidi.

Ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, yawapasa kulifikiri jambo hili vema. Je, ni utauwa kuacha kuuliza? Na mtu anayetafuta sababu ya ajali, je, anashindana na Mungu?

MFANO WA CHUKUDU

Fikirini mfano huu. Kijana mmoja wa milimani alipakia magunia sita ya viazi juu ya chukudu yake ili kuyapeleka sokoni. Kila mtu wa Lubero aijua chukudu: mti mnene, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira, usukani mbele, na kipande cha mpira wa gari nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu ili kupunguza mwendo. Alipofika mteremkoni, penye kona iliyo karibu na kisima, gurudumu la mbele likachomoka. Chukudu ikaruka kando, ikamvunja mguu mtoto wa kike aliyekuwa akiteka maji.

Watu wakakusanyika. Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia mama wa mtoto: “Ni Mungu, mama. Mimi nifanyeje?” Mtu mwingine akanong'ona kwamba bibi kizee mmoja, jirani yao, aliitazama chukudu ile asubuhi kwa jicho baya. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale. Aliposikia jina lake likitajwa, akaanza kurudi nyuma polepole.

Ndipo akafika mzee mmoja aliyekuwa seremala zamani. Hakusema neno. Akainama juu ya chukudu, akaigeuza, akapapasa mahali gurudumu lilipotoka.

“Mwanangu,” akauliza, “msumari unaoshika gurudumu uko wapi?”

“Ulianguka, baba.”

“Lini?”

Kijana akanyamaza.

“Nimeuliza lini, mwanangu.”

“Juzi, baba. Nikaweka kijiti mahali pake.”

“Na kwa desturi wachukua magunia mangapi?”

“Manne, baba. Lakini leo bei ilikuwa nzuri.”

Mzee akawageukia watu. “Na huu mfereji wa mvua uliokata njia hapa penye kona, ni nani aliyepaswa kuuziba?”

Watu wakatazamana. Kazi ya salongo ilikuwa imetangazwa Jumamosi mbili zilizopita, nao wengi hawakuja.

Mtu mmoja akapaza sauti kwa hasira: “Basi mzee, kosa limejulikana. Tumpige huyu kijana!”

“Sikuja kutafuta mtu wa kupiga,” mzee akajibu. “Nimekuja kutafuta msumari. Chukudu katika kijiji hiki ni nyingi, na watoto ni wengi, na kesho watakuja tena kisimani.”

Kisha akamwambia bibi kizee: “Mama, rudi nyumbani kwa amani.” Akamwambia kijana: “Njoo tumbebe mtoto, mimi nawe, mpaka kituo cha afya. Na malipo yake utayatoa wewe. Si kwa sababu nakuchukia, bali kwa sababu ulijua.”

Angalieni ni mambo mangapi yaliyopatikana kwa maswali machache. Msumari ulikosekana, lakini kijiti peke yake labda kingalishika kama mzigo ungalikuwa wa magunia manne. Mzigo ulizidi, lakini labda chukudu ingalipita kama njia isingalikuwa na mfereji. Hakuna jambo moja lililomvunja mtoto mguu. Yalikuwa mambo matatu yaliyoshikana mikono, na katika hayo matatu hata waliokuja kutazama tu walikuwa na fungu lao. Tena angalieni: kama mzee asingaliuliza, bibi asiye na kosa angalifukuzwa kijijini usiku ule, na kijiti kingalibaki mahali pa msumari.

MNARA WA SILOAMU

Lakini mtu atauliza: “Je, Mungu hayaongozi yote? Unywele hauanguki bila yeye kujua. Basi ndege itaangukaje bila yeye kutaka?”

Jibu liko katika Injili yenyewe. Mtakatifu Luka, katika sura ya 13, anasimulia habari ya mnara ulioanguka huko Siloamu, ukaua watu 18. Watu wa Yeruzalemu walidhani kama wengi wanavyodhani hata leo, kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kupita wengine. Bwana wetu Yezu Kristu alikataa kabisa wazo hilo. Hakusema kwamba Mungu aliuangusha mnara ili kuwaadhibu. Aliwageuzia walio hai maneno yake, akawataka watubu wao.

Kwa hiyo, yeye asemaye kwamba wafu wa Mapendo walikuwa na dhambi fulani, au walirogwa, au walitengwa na Mungu siku ya sikukuu, anasema neno ambalo Kristu alilikataza. Mama aliyekuwa akipika nyumbani mwake, na msafiri aliyekuwa akirudi kwa watoto wake, hawakuwa wabaya kuliko watu wa mtaa wa pili.

Tena Kanisa lafundisha kwamba Mungu ni asili ya kwanza ya vitu vyote, lakini amevipa viumbe nguvu zao za kweli. Moto huunguza kwa kweli, maji huzamisha kwa kweli, na mzigo huvuta chini kwa kweli. Viazi huota kwa baraka ya Mungu, hata hivyo mkulima aliyepanda mbegu iliyooza hawezi kusema, “Mungu amekataa mavuno yangu.” Mungu ametupa akili ili tuijue mbegu nzuri na mbegu mbovu. Yeye aruhusuye jambo si lazima awe amelipenda. Aliruhusu Kaini amuue Abeli, wala hakulipenda. Na neno la kwanza alilomwambia Kaini lilikuwa swali.

Basi mtu asemaye, “Ni mapenzi ya Mungu,” ili kujinyenyekeza na kuvumilia msiba usioweza kurudishwa, anasema vema. Lakini mtu asemaye hivyo ili asiulizwe juu ya msumari, huyo anamtwika Mungu mzigo wa mwanadamu. Analitaja bure jina la Mungu.

WACHUNGUZI HUFANYA NINI

Alivyofanya mzee yule kwa chukudu, ndivyo wachunguzi wafanyavyo kwa ndege. Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, katika Marekani, wakafanya mapatano juu ya safari za ndege. Mwaka 1951 yakaongezwa masharti juu ya uchunguzi wa ajali, nayo yaitwa Nyongeza ya 13. Nchi ambayo ndege imeangukia ndiyo inayoongoza uchunguzi, na nchi iliyoiunda ndege huleta mafundi wake kusaidia. Na masharti hayo yasema wazi kwamba shabaha moja tu ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Ni neno lile lile la mzee: kutafuta msumari, si kutafuta mtu wa kupiga.

Wachunguzi hupima mahali kila kipande kilipoangukia. Hutazama mapanga ya injini, maana jinsi yalivyopinda huonyesha kama injini ilikuwa ikizunguka kwa nguvu au imekufa kabla ya kugonga ardhi. Hupima mafuta kama yalikuwa safi na ya kutosha. Hufungua kitabu cha matengenezo na kuona ni lini fundi aliigusa injini mara ya mwisho. Huhesabu abiria na mizigo. Huuliza kama rubani alikuwa amelala usingizi wa kutosha. Huuliza hali ya hewa. Katika uwanja ulio juu kama Goma, yapata mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na ndege hupata taabu zaidi kupanda. Basi mzigo uliofaa pwani waweza kuzidi hapa.

Katika ndege kubwa kuna chombo ambacho watu hukiita kisanduku cheusi, ingawa kwa kweli hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane upesi. Chombo hicho huhifadhi maneno ya marubani na mwendo wa ndege. Mmoja wa waliokibuni ni David Warren wa Australia. Baba yake alikufa mwaka 1934 katika ndege iliyopotea baharini, yeye akiwa bado mtoto. Alipokuwa mtu mzima, katika miaka ya 1950, alifikiri chombo kitakachosema baada ya watu kunyamaza. Hivyo mtoto yatima hakumrudisha baba yake, lakini amewaokoa baba za watoto wengi asiowajua.

Je, kazi hii yote ina faida? Sikilizeni habari ya ndege iitwayo Comet, ndege ya kwanza ya jeti iliyochukua abiria duniani. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari zake kutoka London mpaka Johannesburg, ikitua njiani hata Entebbe katika Uganda, upande wa pili wa milima ya Ruwenzori. Watu waliistaajabia. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilivunjika angani, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba katika Italia. Wakafa watu 35. Safari zikasimamishwa. Wakuu wakadhani kwamba labda moto ulitoka katika injini. Wakarekebisha mambo mengi, lakini sababu yenyewe hawakuwa wameijua. Tarehe 23 Machi wakaziruhusu ndege kuruka tena. Siku 16 baadaye, tarehe 8 Aprili, Comet nyingine ikaanguka baharini karibu na Napoli. Wakafa watu 21.

Ndipo watu walipoacha kudhani. Katika mji wa Farnborough, huko Uingereza, waliiweka ndege nzima ndani ya tangi kubwa la maji, wakaijaza na kuipunguza nguvu ndani yake, mara nyingi sana, kama vile inavyojaa na kupungua hewa kila inapopanda na kushuka. Baada ya kadiri ya safari 3,000, ngozi yake ya chuma ikapasuka, na ufa ukaanzia penye pembe ya tundu moja. Chuma kilikuwa kimechoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Tangu hapo waunda ndege wa nchi zote wamejifunza kwa mkasa huo.

Yafikirini maisha ya wale 21. Waliokufa mara ya kwanza walikufa kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Lakini waliokufa mara ya pili walikufa kati ya dhana na ukweli. Waliodhani hawakuwa watu wabaya, tena walikuwa na elimu nyingi. Kudhani tu kulitosha kuleta mauti.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kwenda Uingereza kujifunza jambo hili. Wanaikumbuka Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Waliosema kwamba ni uchawi, au kwamba ni biashara ya wageni, waliwazika wafu wao kwa kuwagusa, nao wakafuata. Lakini kila mahali watu walipokubali kuuliza, “Mgonjwa huyu aliguswa na nani, naye alimgusa nani?” mnyororo wa ugonjwa ulikatika.

MLIMA, KOSA NA DHAMBI

Ili msichanganye mambo, tofautisheni sababu za namna tatu.

Namna ya kwanza ni sababu zisizo na dhambi ya mtu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na mawe yaliyoyeyuka yakafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege ya Goma, hata njia ikawa fupi. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa mlima. Lakini tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya kampuni Hewa Bora ilishindwa kuruka katika uwanja ule ule, ikapita mwisho wa njia, ikaingia sokoni Birere. Wakafa watu 40 hivi, na wengi wao walikuwa watu wa sokoni na wa mtaani. Mlima haukuwa na hatia. Lakini mlima ulipokwisha kufupisha njia, wanadamu walikuwa na miaka sita ya kufikiri juu ya soko na nyumba zilizokaa mwishoni mwake. Na mwaka 2019, watu wa mitaa iliyo karibu na uwanja huo wakafa tena.

Namna ya pili ni kosa lisilo dhambi. Fundi aliyefundishwa vibaya anakaza vibaya, naye anaamini kwamba amekaza vema. Huyu hahitaji fimbo, ahitaji mwalimu. Kama akitishwa, ataficha kosa lake, na lililofichwa haliwezi kurekebishwa. Ndiyo maana wachunguzi hawaanzi kwa kutafuta lawama: mtu aliyejaa hofu hasemi kweli.

Namna ya tatu ni dhambi: kujua hatari na kunyamaza, au kupokea fedha ili usione, au kudanganya mizani. Juu ya hili Sheria ya Musa ilikuwa na neno la hekima. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yasimuliwa habari ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akafa. Ikiwa ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alionywa zamani kwamba ng'ombe wake ni mkali, naye hakumfunga, basi damu iko juu yake. Tofauti yao ni neno moja: alijua. Na katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba mtu ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakuwaambia waombe tu ili mtu asianguke. Aliwaambia wajenge ukingo.

Wala msidhani kwamba dhambi hiyo ni ya wakubwa tu, wenye ndege na wenye ofisi. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ya kampuni Filair, ya aina ya L-410, ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu, upande wa magharibi wa nchi ya Kongo. Kati ya watu 21 alipona mmoja tu. Kwanza watu walidhani kwamba mafuta yalikwisha. Lakini yule aliyepona alisimulia kwamba msafiri mmoja alikuwa ameficha mamba mzima katika mfuko wake. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza usawa wake. Maana ndege ndogo ni kama mizani: uzito usipokuwa mahali pake, huinama. Ushuhuda wa mtu mmoja si hukumu, lakini somo lake ni wazi. Yeye aingizaye mzigo kwa siri, aongezaye kilo kumi kwa kumpa mpimaji zawadi, asemaye kwamba kila mtu hufanya hivyo, ameweka kijiti mahali pa msumari.

SWALI LA MWISHO

Mtu aliyefiwa aweza kusema: “Hata wakijua sababu, mume wangu hatarudi. Tena mkisema kwamba uchunguzi hautafuti lawama, je, mwenye hatia aende zake?”

Maneno yake ni ya haki, nayo yahitaji jibu la kweli. Kazi ni mbili, na watu ni wawili. Mchunguzi hutafuta kilichotokea. Mwamuzi hutafuta aliyepaswa kujibu. Mwamuzi ana kazi yake, wala Mkristu asimzuie, kwa maana haki ni deni. Lakini mwamuzi akitangulia mbele ya mchunguzi, mashahidi hujificha. Atafungwa mtu mmoja, na jambo litabaki. Mzee wa kijiji alifanya zote mbili kwa utaratibu: kwanza alitafuta msumari, kisha alimwambia kijana alipe. Tena alimsaidia kumbeba mtoto.

Naye mjane, ukweli haumrudishii mume, lakini humwondolea mambo mawili mazito. Humwondolea uongo, asije akamchukia jirani asiye na kosa mpaka kufa kwake. Tena humwondolea wazo chungu kwamba mume wake alikufa bure, ikiwa kwa kifo chake wengine wamejifunza kuwalinda walio hai. Wafu twawaombea na kuwatolea Misa. Walio hai tunapaswa kuwajengea ukingo.

Ninyi wakatekumeni mmekwisha kufundishwa jinsi ya kuchunguza dhamiri kabla ya toba. Haitoshi kusema, “Mimi ni mkosefu.” Yapasa kusema nimekosa wapi, kwa njia gani, mlango gani ulifunguliwa kwanza, kisha kukusudia kuufunga. Toba isiyotafuta sababu hurudi kesho na dhambi ile ile. Basi kijiji, na mji, na nchi, huchunguza dhamiri yao kwa namna hiyo hiyo penye ajali. Amri ya Tano yatukataza kuua, nayo yatuagiza kulinda uhai. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata kama jirani ni bibi kizee asiye na mtetezi, hata kama ni rubani aliye kaburini.

Pengine wewe usomaye hutapanda ndege maisha yako yote. Lakini unayo chukudu, au unajenga nyumba ya jirani, au unavusha watu kwa mtumbwi katika ziwa Edward kutoka Kyavinyonge, au unawapikia watoto wa shule. Uhai wa mtu mwingine uko mkononi mwako leo. Tazama msumari kabla ya kuteremka. Na jambo baya likitokea, piga magoti uwaombee walioumia. Kisha inuka, ukaulize.

MASWALI YA KUJIBU SIKU YA MAFUNDISHO

1. Sauti tatu zinazosikika penye msiba ni zipi, na kwa nini zote tatu hufunga mlango?

2. Bwana wetu alifundisha nini juu ya watu 18 waliouawa na mnara wa Siloamu?

3. Kosa na dhambi vinatofautianaje? Toa mfano kutoka kijijini kwako.

4. Kwa nini mzee alisema kwamba hakuja kutafuta mtu wa kupiga, na kwa nini hata hivyo alimwagiza kijana alipe?

5. Je, katika kijiji chako kiko kijiti kilichowekwa mahali pa msumari, katika daraja, njia, kisima au shule? Ni nani ajuaye, naye amemwambia nani?